Mwaka wa Ngozi Nyekundu

Arap Tonui tulimzika Alhamisi, kwake nyumbani upande wa juu wa Litein, na mvua ilianza kabla jeneza halijashuka. Mimi niliketi nyuma kabisa, kwa sababu pale sina mtu wangu, na magoti yangu hayataki tena kupenya katikati ya watu. Walisema mazuri yake vile husemwa. Halafu jirani mmoja akashika kipaza sauti akasema, "Na tusisahau, huyu mzee ndiye mtu pekee hapa kwetu aliyewahi kupiga gari ya Mzungu pasi!" Watu wakacheka, hata mchungaji akacheka. Wakati wa chakula binti yake Chebet, ambaye sasa naye ana mvi, akanijia na sahani mkononi. "Mama Nyaboke, si wewe ulifanya kazi na baba wakati ule? Ni kweli alipiga gari pasi?" Nilikuwa na nyama mdomoni. Nikatafuna mpaka ikaisha. Nikamwambia, "Hayo ni mambo ya zamani, mama. Kula." Nimerudi nyumbani na jibu hilo na limekataa kukaa tumboni. Kwa hivyo nitaandika. Shule niliacha darasa la tatu, lakini barua naandika na Biblia nasoma, na jambo lenyewe si refu.

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja. Nilikuwa nachuna majani chai kwenye shamba moja la kampuni, na nililala laini, yaani nyumba za wafanyakazi wa kampuni, chumba kimoja na Auma, msichana wa Kijaluo aliyekuja kutoka upande wa ziwa mwaka mmoja na mimi nilipotoka Kisii. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, leso iliyotundikwa katikati, na dirisha la ukubwa wa kitabu. Moshi ulikuwa umepaka kuta rangi moja na sufuria. Jioni tulikula ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, na siku Auma akipata kifurushi kutoka kwao, omena, dagaa wa ziwani. Chai tulikunywa ile ya vumbi, inayofagiwa chini kiwandani, kwa sababu majani mazuri tuliyochuna sisi yalikuwa ya watu wengine. Sikuwa nalalamika. Nasema tu vile ilikuwa. Kila siku mchana mvua ilikuja, mara nyingine ya mawe, na tulisimama kwenye mistari na maganda ya plastiki kiunoni yakitoboka. Mimi nilikuwa nashonea wenzangu hayo maganda na viatu vyao vya mpira kwa sindano ya gunia. Nyapara akaona, akasema huko juu kwa mhandisi wa kiwanda kuna mzee anatafuta mtu wa vidole vyembamba.

Huyo mhandisi alikuwa Mzungu mrefu ambaye laini nzima ilimwita Bwana Spana, maana hata kanisani alikwenda na spana mfukoni. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda gari. Mimi nilikuwa nimeona gari, lakini hiyo sikujua ni ya nini. Watu wawili tu, chini kama ng'ombe aliyelala, pua ndefu, na juu hakuna chuma, ni turubai la kukunja. Ilikuwa gari ya mashindano ya zamani, baba yake aliinunua mpya kabla mimi sijazaliwa. Injini Bwana Spana alitengeneza mwenyewe, ikalia. Lakini ndani ilikuwa imeoza. Panya walikuwa wamezaa kwenye viti, ngozi ilipasuka kama kisigino, mbao ya mbele yenye saa zake za mwendo na mafuta ilikuwa imebanduka, na mikanda ya kung'aa ya milangoni ilikuwa na ukungu wa kijani. Mwisho wa mwaka alikuwa anarudi kwao Ulaya moja kwa moja, na gari ilitakiwa ishuke Mombasa, iingie meli. "Mimi nataka kama zamani," alituambia. "Si mpya. Kama zamani." Ngozi ilikuja kwa meli kutoka kwao, vipande sita, nyekundu kama ini la mbuzi, na alisema vikiisha vimeisha.

Arap Tonui alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu wakati huo, Mkipsigis mfupi mwenye kifua kikubwa. Alijifunza kushona matandiko ya farasi kwa setla mmoja huko Sotik, na farasi walipokwisha akabaki na ujuzi bila farasi. Alikuwa ananiita chepto, yaani msichana kwa lugha yao, na jina langu hakulitaja mara tatu mwaka mzima. Kazi aliifundisha hivi: usikate kitu kipya kabla hujamaliza kukisoma cha zamani. Tulifungua kila kiti mshono kwa mshono, bila kurarua, tukatoa nywele za farasi zilizojazwa ndani, tukaziosha na kuzichambua juani. Ngozi kuukuu tuliilaza juu ya mpya, tukaipigilia misumari midogo, tukafuata ukingo wake na chaki. Hata matundu ya sindano tuliyahesabu, tukayarudia palepale. "Hii ya samani ndiyo mwalimu," alisema, yaani ya zamani. "Wewe usijue sana." Alitaka ngozi kuukuu ikauke vizuri siku mbili kabla ya kuchorwa, maana ikiwa na maji inanyooka na inadanganya. Ngozi yoyote ikikauka hujivuta yenyewe. Hilo nalijua mpaka leo, na nililijua siku ile.

Mikanda ya kung'aa niliisugua mimi. Majivu ya kuni nilichekecha kwa leso mpaka yakawa laini kama poda, nikayapaka kwa pamba yenye maji kidogo, wiki tatu, mpaka ukungu ukatoka na nikaona uso wangu umevutwa mrefu kwenye mlango. Arap Tonui akaja akaangalia. "Ona huyu mrembo," akasema, na akaenda. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. Saa sita tulikula pamoja mlangoni pa banda. Mke wake alimpa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala na mkaa wa mti ndani, rangi ya mawingu. Mara ya kwanza nilishindwa kumeza. "Kunywa, chepto. Hii si tawa ya hospitali." Mwezi wa tatu nikawa namsubiri na kikombe.

Yeye alikuwa na ulimi wa watu wa kwao wa wakati ule. Gari ilikuwa kari. Duka ni tuka, Bwana ni Pwana, vizuri ni fisuri, na basi ni pasi. Mimi nilimwelewa kila neno. Nikirudi laini nilimwigiza mbele ya Auma, nikitoa kifua mbele. "Chepto, leta kunti, tupandike mlanko ya kari!" Auma alianguka kitandani akicheka na kuniambia kwa jina langu la usichana, "Wee Kemunto, wewe ni mbaya! Rudia ile ya Pwana Spana." Nikarudia. Wanawake wa chumba cha pili walikuja kusikiliza. Kwa hivyo mtu asije akasema sikumzoea. Hiyo sauti nilikuwa nayo mdomoni mwangu mwenyewe.

Sasa niseme tulikuwa na nini cha kupoteza. Ndani ya banda kulikuwa na cherehani nzito ya kushonea ngozi, ya chuma cheusi, gurudumu lake kama la baiskeli ndogo. Ilikuwa mali ya Bwana Spana. Siku tulipomaliza kiti cha kwanza alikikalia, akapapasa mishono na dole gumba, halafu akasema, "Fundi, hii gari nakwisha sawa, hii cherehani yako. Mimi hapana beba." Arap Tonui aliitikia tu, "Ndio, Pwana." Lakini mchana ule hakumaliza mursik yake. Akaniambia kuna chumba Litein kando ya barabara ya Sotik, mwenyewe anamjua. Angeshona viti vya malori, matandiko, mikoba ya shule. "Mimi nakata, wewe unakaa kwa mashini. Vidole yako ni ya mashini." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyekuwa ameniambia mahali nitakapokaa, ila kwa mwanamume fulani au kwa mstari fulani wa chai. Nilianza kuota hiyo tuka. Niliiita tuka hata mimi, moyoni.

Kufika mwezi wa kumi viti vilikuwa tayari, milango tayari, turubai limepigwa mishono na kunyooshwa kwa pasi ya makaa iliyotoka jikoni kwa Bwana. Hiyo pasi ilibaki bandani juu ya rafu. Kilibaki kipande kimoja cha ngozi nyekundu, cha kuvika mbao ya mbele, juu ya saa. Bwana Spana alikuwa amekwenda Nairobi wiki mbili kushughulikia safari yake. Arap Tonui aliniambia, "Hiyo utachora wewe." Nilifurahi, na haraka ikaniingia. Ngozi kuukuu nilikuwa nimeiosha asubuhi. Nikaigusa, nikaona imekauka. Haikuwa imekauka. Niliichora, nikakata, tukaipaka gundi pamoja na kuibandika, naye akiwa upande mwingine akishika saa zisianguke. Tulipofika kwenye kona ya dereva ngozi ilizidi. Ikasimama makunyanzi matatu, kama paji la uso la mtu anayeulizwa swali. Niliyavuta na kitambaa kibichi. Yakarudi. Arap Tonui aliyaangalia, akaniangalia, na nafikiri alijua nimefanya nini, lakini hakusema. Ilikuwa Ijumaa, mvua inaanza, na alikuwa na ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Akavaa gunia kichwani, akatoka. Kwenye kona ya ua akageuka, akapiga kelele kupitia mvua iliyopiga mabati, "Chepto! Hiyo makunyanzi, pasi!"

Hapo ndipo penyewe. Nimesimama pale miaka yote hii. Mtu wa kawaida angesikia pasi, na makunyanzi hunyooshwa kwa pasi, na pasi iko juu ya rafu. Yote yanalingana. Lakini mimi kwa miezi minane sikuwa nimekosea neno lake hata moja. Nilisikia vizuri kabisa: basi, acha, imetosha, itajivuta yenyewe ikikauka. Na nyuma ya hiyo nikasikia neno lingine, lile nililolitaka. Maana kama makunyanzi yangekaa mpaka Jumatatu, yangekaa na jina langu. Nilitaka akija akute pasafi, aseme tena mrembo. Nikawasha makaa.

Nililoanisha kitambaa, nikakiweka juu ya ngozi, nikabonyeza. Kunyanzi la kwanza lililala. Nilifurahi. La pili likalala. Nikaondoa kitambaa ili nione vizuri la tatu, na nikapitisha chuma chenyewe, mara moja tu, mkono mwepesi kama wa kupiga kola. Ngozi ikajikunja. Sijui niseme namna gani. Ilijivuta kama nyama inapoguswa na sufuria moto, ikawa ngumu, nyeusi pembeni, ikaondoka kwenye mbao na kubeba ganda la mbao pamoja nayo. Harufu ya gundi na nywele zilizoungua ikajaa banda. Nilipuliza. Nilimwagia maji, kama mjinga, ikazidi. Kisha nikakaa kwenye kiti cha dereva, kile tulichokishona, nikasikiliza mvua. Auma aliniuliza jioni mbona sili. Nikasema tumbo.

Jumatatu Arap Tonui aliingia akiimba kidogo, ng'ombe amezaa jike. Akaona. Aliigusa ile kona kwa kidole kimoja, pole pole, kama ina joto bado. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Si ulisema pasi, mzee?"

Midomo yake ilisogea, nikaona analirudia lile neno ndani, analipima. Halafu akasema, "Ndio. Nilisema."

Hakunipiga, hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Aliondoka, akarudi jioni na ngozi ya ndama ya kwake, laini sana, aliyoilainisha kwa mikono ili iwe ya kulalia mgonjwa wa nyumbani. Tulikuwa na siku tano. Hatukuwa na rangi nyekundu, kwa hivyo tulitumia ile nta nyekundu ya sakafu ambayo mtumishi wa Bwana alisugulia veranda. Tulipaka, tukasugua, tukapaka. Kwa mbali ilifanana. Nilimwambia inafanana. "Kwa mtu kipofu," alisema. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akifanya mzaha bandani. Kwenye jua ilinuka boma la ng'ombe. Tuliibandika hivyo hivyo, mishono yake ikiwa mizuri kuliko yote tuliyowahi kufanya.

Bwana Spana alikuja Jumamosi saa nne. Alizunguka gari, akagusa mikanda yangu ya kung'aa, akatabasamu, akafungua mlango, akakaa. Akaweka kiganja juu ya ngozi ya mbele. Alipokiinua kilikuwa chekundu. Akakinusa. Alifikiri kidogo, akachomoa kisu mfukoni, akainua ukingo, akaona mbao iliyoungua chini yake. Hakupiga kelele. Yule mtu hakuwa mbaya. Alionekana tu amechoka, na mzee ghafla. "Nani nafanya hii?" aliuliza.

Arap Tonui alivua kofia. "Ni mimi, Pwana. Mimi nilisema pasi."

"Pasi? Juu ya ngozi? Wewe, fundi?"

"Ndio, Pwana. Nilisema pasi."

Msomaji, mzee yule alikuwa akisema kweli. Kila neno lilikuwa kweli. Na bandani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kweli yenyewe ni ipi, mtu aliyezoea kuigiza huo ulimi kila jioni watu wacheke. Sentensi moja ilitosha: Bwana, yeye alisema basi. Nilikuwa nayo. Bwana Spana akaniangalia, akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwingine nafasi ya kupita mlangoni. Nikaangalia chini. Nilifikiri, kama nikisema, nitafukuzwa hata laini. Na nilifikiri, kama nikinyamaza, labda atasamehe fundi kwa sababu ni fundi, na cherehani itabaki. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu yangu ya darasa la tatu.

Hakusamehe. Alimwambia asirudi tena. Wiki iliyofuata lori lilikuja kuchukua vitu vya nyumba yake, na cherehani ikapakiwa pamoja na vitanda, ikaenda Nakuru kwa rafiki yake. Niliiona ikiinuliwa na watu wanne. Gari iliondoka na tundu pale mbele, limefunikwa na kipande cha turubai. Laini ilijua yote kabla ya jua kutua. Watoto waliwapigia kelele Wakipsigis wazee wote waliopita na viatu vikuukuu, "Fundi, piga pasi!" Auma naye aliniomba nimwigize akisema mbele ya Bwana, nilisema pasi. Nikamwambia nikimsikia tena na hayo maneno nitahama chumba chetu. Alishangaa. Hakujua kitu. Sijawahi kumwambia, na yeye pia sasa yuko chini ya udongo.

Mwezi wa kumi na mbili nilishuka Litein na kiatu cha Auma kilichoachana na soli, kama kisingizio. Nilimkuta Arap Tonui kwenye veranda ya duka la mtu, ameketi juu ya debe, na sindano ya mkono, nta, na vipande vya tairi. Chumba chake cha kando ya barabara kilikuwa mbele yetu, na mtu mwingine alikuwa akiuza mafuta ya taa ndani yake. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nitasema, mzee, nilijua. Halafu aseme atakalosema.

"Chamgei, chepto," akasema. Salamu tu. Alichukua kiatu, akakigeuza. "Nani alishona hii mara ya kwansa? Alikuwa amelewa?"

Nilicheka, nikakaa kwenye ngazi. Alishona kidogo. Halafu bila kuinua macho akauliza, "Siku ile kulikuwa na mvua. Wewe ulisikia nini?"

Ndilo swali nililokuja kwa ajili yake, na yeye mwenyewe ameniletea mkononi.

"Nilisikia pasi," nikasema.

Akatikisa kichwa pole pole, muda mrefu. "Hii mdomo yangu ni mpaya," alisema. "Mimi nilifikiri nasema fisuri. Huyu Chepet yangu nitapeleka shule, hata nikiusa ng'ombe. Ajifunse kusema, asikike."

Hakuwa na hasira. Alikuwa amenipa njia tena ya kusema kweli, ya pili, na ilikuwa mchana, na hakuna mtu aliyetusikia. Nikauliza kama hapo kwake kuna kazi ya mtu wa pili. Alinionyesha sindano. "Kwa hii? Mimi mwenyewe nangoja watu." Alivuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno, akanipa kiatu. Nikamwambia asante, mzee.

Jumatatu nilirudi kwenye mistari, nimevaa kikapu. Nyapara aliniangalia mikono, akasema imekuwa laini huko kwa Mzungu, itaniumiza. Iliuma wiki moja, halafu ikazoea. Nilichuna chai miaka ishirini na tisa.